Tupeane uzoefu: kumweleza kwa Kiingereza mtu asiye nadhifu

Ndugu zangu, naomba tusimuliane tulivyojifunza maneno ya Kiingereza ya kumweleza mtu asiye nadhifu, hasa pale tulipomkwaza mtu bila kukusudia. Naanza mimi. Nikiwa mpokea wageni hotelini Unguja, alifika mama mmoja Mwingereza aliyetoka kushuka boti, nywele timutimu kwa upepo na blauzi imechomoka kwenye sketi. Nilitaka kumpa pole ya safari, nikamwambia kwamba anaonekana "shabby". Alinyamaza, akaipangusa sketi yake kwa kiganja kana kwamba anatafuta doa asiloliona. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba neno hilo husema nguo zimechakaa, na kwa mbali humwambia mtu kwamba hana kitu. Nililolihitaji ni "dishevelled", lenye asili ya Kifaransa cha kale, ambalo ndani yake limo neno la nywele. Hali hiyo ni ya saa ile tu, kitana na kioo huimaliza.

Mchangiaji, Uingereza:
Mimi ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka wangu wa kwanza niliandika katika taarifa ya zamu kwamba mzee mmoja ni "dirty". Msimamizi alinifundisha kuandika "unkempt", ambalo asili yake ni nywele zisizochanwa, kwa kuwa hueleza kwamba mtu hakutunzwa au ameshindwa kujitunza, bila kumtukana. Hata hivyo alisisitiza nisiishie hapo, niandike nilichokiona: ndevu za siku nyingi, kucha ndefu, vifungo vya shati vimepishana. Naliheshimu agizo hilo kuliko neno lenyewe, maana ni vile vifungo vilivyotufanya tuitazame mikono yake, tukakuta imeanza kutetemeka.

Mchangiaji, Lushoto:
Nikiwa kidato cha pili niliandika insha juu ya mama akirudi kutoka shambani wakati wa mvua, nikaokota "slovenly" katika kamusi. Mwalimu aliniita, akaniuliza kama mama yangu ni mvivu wa kujitunza, kwa sababu neno hilo hulaumu tabia. Nilikaribia kulia. Akanipa "bedraggled", la mtu aliyelowa na kuchafuliwa na mvua na tope, nalo ndilo lililomfaa, kwani kanga ilikuwa imemganda miguuni, nyekundu kwa udongo hadi magotini, na mzigo wa kuni ungali kichwani.