Tuliopita vyuo vya Biblia na semina za wachungaji, tupeane uzoefu: nini kilikusaidia, nini hakikufaa kitu?

MzeeWaUsharika
Bwana asifiwe wapendwa. Jumapili tumemuaga mwinjilisti wetu, anakwenda chuo cha theolojia. Kwaya imeimba, sadaka ya safari imechangwa, kina mama wamelia. Nimefurahi kwa ajili yake, lakini usingizi haukuja. Mtaa wake sasa anabaki nao nani? Nani atazika, nani atafundisha kipaimara, nani atapatanisha zile nyumba mbili zisizosalimiana? Na tuliowaaga miaka ya nyuma wengine hawakurudi. Waliosoma, waliofundisha, waliowahi kukaa kwenye semina hizi za wiki moja, semeni yaliyowapata. Nataka kuyapeleka kwenye baraza la wazee.

binti_wa_shemasi
Wa kwetu alirudi. Alikuja kuchukua familia, wakaondoka wote.

MwalimuWaVituoni
Mzee, swali lako liliulizwa zamani sana. Wapresbiteri wa Guatemala walikuwa na seminari mjini, wakagundua kwamba vijana wanaotoka vijijini wakimaliza hawarudi, na wale wanaoongoza makanisa kweli, watu wazima wenye mashamba na watoto, hawawezi kuacha kila kitu waende bwenini. Mwaka 1963 wakaanza kugeuza mambo: mwanafunzi anabaki kwake na vitabu vyake, mwalimu anasafiri kukutana na kikundi kituoni kila wiki. Ndiyo TEE (Theological Education by Extension), yaani elimu ya theolojia inayomfuata mwanafunzi alipo, tunayoijua leo katika makanisa mengi ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini.

Nimefundisha kwa njia hiyo kwa muda mrefu. Mwanafunzi anasoma sura ya msamaha Jumanne, Alhamisi anaitwa kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba, siku ya kituo anakuja na maswali ambayo mwalimu wa darasani haulizwi. Ugumu wake nao usifichwe: mwalimu asipofika mara mbili mfululizo kikundi kinakufa, na wapo wanaojaza majibu kwenye kitabu bila kuelewa kitu.

Mtumishi_Asiyechoka
Petro alisoma chuo gani? Matendo 4:13 inasema walikuwa watu wasio na elimu. Roho ndiye mwalimu. Tunaua huduma kwa vyeti.

KatekistaMkongwe
Mtumishi, Petro alikaa na Bwana mchana na usiku kwa miaka, akiulizwa, akikemewa, akitumwa na kurudi kutoa taarifa. Hayo ni mafunzo kuliko ya chuo chochote. Na Paulo alikaa miguuni pa Gamalieli, asema mwenyewe, Matendo 22:3.

Mtumishi_Asiyechoka
Na akayahesabu yote kuwa hasara.

KatekistaMkongwe
Akaendelea kuyatumia katika kila waraka aliouandika.

MchungajiWaPembezoni
Nimesoma hapa nikakumbuka usiku mmoja ambao sijawahi kuuandika popote.

Nilikuwa nimemaliza chuo tu. Nilijua kugawa hubiri sehemu tatu, nilijua tarehe za mitaguso, Kigiriki nilikisoma kwa kamusi. Nikagongewa mlango usiku: "Mchungaji njoo, binti amepagawa." Nilipofika nyumba imejaa. Binti yuko chini, watu wazima wanne wamemkalia mikono na miguu, kanga imemfunga viganja. Mmoja anamsukumia kijiko katikati ya meno, damu inatoka kwenye fizi. Pembeni watu wanakemea kwa sauti ya juu, kila mmoja anataka sauti yake ndiyo imtoe huyo pepo. Wote wakanigeukia. Walinipisha njia.

Mzee wa kanisa, mama mmoja aliyewahi kufanya usafi wodini, alinishika mkono akasema polepole: "Baba Mchungaji, waambie wamwachie. Mlazeni kwa ubavu." Nikawaambia. Kwa kuwa nilikuwa na ile kola shingoni, walitii. Yule mama akamfungua kanga, akamgeuza, akamfuta mate. Baada ya muda binti akatulia, akafumbua macho, hajui amefikaje pale. Ndipo nikaona kovu la moto, kutoka kiwiko hadi bega.

Kesho yake nikakaa na baba yake. Binti alikuwa na kifafa, alipimwa, alikuwa anameza vidonge na alikuwa anaendelea vizuri. Ukaja mkutano wa injili. Mhubiri akamwombea, kisha akaitangazia familia kwamba kuendelea na vidonge ni kumkana Mungu aliyemponya. Wakavitupa chooni. Wiki chache baadaye akaangukia moto wa jikoni.

Baba huyo akaniuliza, na hapa ndipo mahali pagumu kuliko yote niliyowahi kupitia katika utumishi: "Mchungaji, nimwamini nani? Yule alisema tutupe, wewe unasema tumeze. Biblia mnayoshika ni ileile."

Sikumpa mistari. Nilimwambia twende wote kituo cha afya, mimi nitakaa naye kwenye foleni. Tukaenda. Binti yu hai, ameolewa, anaimba kwaya. Lakini katika masomo yote ya chuo hakuna saa moja ambayo mtu alinifundisha kuingia nyumba kama ile. Na yule mhubiri naye alikuwa na cheti. Niliona picha yake ya mahafali kwenye bango.

binti_wa_shemasi
Mchungaji, nimelia. Kwetu alikuwa kaka yangu. Yeye alianguka mtoni.

Nesi_wa_Zamu
Pole sana dada. Naomba wachungaji wote hapa waandike haya mahali: mtu akidondoka kwa kifafa, ondoa vitu vya kumuumiza karibu yake, weka nguo laini chini ya kichwa, mgeuze kwa ubavu. Usimfunge, usimkandamize, usimtie chochote mdomoni. Ikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, apelekwe hospitali haraka. Na dawa haziachwi ghafla, hata akionekana mzima kabisa, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika na likaua.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Hao wanapita kanisani kabla ya kufika kwangu. Nikialikwa kwenye semina ya wachungaji hata kwa nusu saa, naenda kwa miguu.

Mtumishi_Asiyechoka
Kwa hiyo siku hizi mapepo hayapo? Mathayo 17 yule kijana alikuwa anaanguka motoni na majini, Yesu akamkemea pepo. Mnataka tuufute ukurasa?

MchungajiWaPembezoni
Hakuna aliyegusa ukurasa. Nilimwombea binti yule na bado namwombea. Ninachokataa ni kumnyang'anya mgonjwa dawa yake kwa jina la Yesu.

Nesi_wa_Zamu
Ombeni. Na vidonge ameze.

mama_mchungaji_M
Hadithi imetugusa wote, lakini angalieni nani aliyeokoa hali pale: mama aliyefanya usafi wodini, ambaye hakuna chuo kilichomwita. Mume wangu alipokuwa chuoni mimi ndiye niliyebaki na usharika, nikifariji wafiwa, nikitafuta wa kuhubiri. Aliporudi yeye alivikwa kola, mimi nilipewa kitenge. Wanaopanga mafunzo, wake na wanawake wazee wa kanisa wawe na viti ndani ya darasa.

KatekistaMkongwe
Kweli kabisa mama.

Wakili_Msharika
Wengine wanadhani sheria itamaliza tatizo. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2018 inayotaka wahubiri wenye mamlaka ya kusimamia wawe na shahada ya elimu ya dini, ikatoa miaka 5 ya kujipanga. Mwaka 2024 ukaguzi ukafunga maelfu ya nyumba za ibada, nyingine kwa ajili ya hali ya majengo. Sipingi serikali kulinda watu wake. Baada ya Shakahola kule Kenya mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, hakuna mwenye haki ya kusema mambo ya kanisa yaachwe tu. Ila mchungaji wa kijijini mwenye waumini wachache ataipata wapi shahada? Na shahada haimzuii mtu asiye na wa kumwambia "hapo umekosea". Mimi ningeanza na hilo: kila kiongozi awe na watu wenye uwezo wa kumsimamisha.

Mtumishi_Asiyechoka
Hapo kwa wakili nakubali.

MfasiriWaNeno
Jambo dogo linalosahaulika: lugha. Dunia ina lugha zipatazo 7,000, na Biblia nzima ipo katika lugha zaidi ya 700. Wachungaji wengi wanasoma Neno kwa lugha ya pili na kufundishwa kwa lugha ya tatu. Nimetafsiri semina za wageni mara nyingi. Mgeni anafungua kitini cha kurasa mia, anakimbia kwa sababu ndege inamsubiri, mimi natafuta maneno, na ukumbini wazee waliozoea kujifunza kwa kusikia na kusimulia wanainama wanaandika wasichokisoma. Siku ya mwisho ni cheti, picha ya pamoja, posho. Mwaka unaofuata anakuja mgeni mwingine na somo lilelile. Mpeni mzee yule kisa cha Yusufu akisimulie mwenyewe mara tatu mbele ya wenzake, muone kama atakisahau.

MwalimuWaVituoni
Msiue vyuo lakini. Mtu wa kuandika vitabu vya hao wa vituoni, wa kutafsiri kutoka Kiebrania, atoke wapi? Chuo cha Fourah Bay Sierra Leone kilianzishwa 1827, na Ajayi Crowther aliyesoma pale mwanzoni ndiye aliyekuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana mwaka 1864 na kusimamia Biblia ya Kiyoruba. Wachache waende ndani sana, wengi wafundishwe walipo.

kijana_wa_vijana
Ushauri wangu: kabla hajaenda chuo mwozesheni kwenye usharika, atarudi tu kwa wakwe 😂

mama_mchungaji_M
Mwanangu, huyo mke ndiye atakayebaki na mzigo. Umesoma nilichoandika?

MzeeWaUsharika
Asanteni sana. Baraza linakaa Jumamosi, nitapeleka mambo matatu: mwinjilisti arudi mtaani kila likizo akiwa na kazi maalumu ya kufanya, mama wazee wawili na vijana waanze masomo ya kituo wakati yeye hayupo, na muuguzi aalikwe kufundisha wazee wote yale ya kifafa. Nesi_wa_Zamu, nimekutumia ujumbe. MwalimuWaVituoni, vitabu vya hatua ya kwanza vinapatikana kwa Kiswahili chepesi? Wapo wanaosoma kwa shida.

MwalimuWaVituoni
Vipo, mzee. Ila kwa wanaosoma kwa shida anza na kikundi kimoja chenye msomaji mmoja mzuri, asome kwa sauti, wengine wajibu kwa mdomo. Usifungue vikundi vingi kabla hujampata mtu wa kuvitembelea.