Majirani Olasiti, Arusha: mafunzo ya Jumamosi

Mwenyekiti wa Mtaa: Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi saa 4 asubuhi nesi wetu atatufundisha huduma ya kwanza ofisini. Kila kaya itoe mtu. Bodaboda wa kijiweni mje wote.

Mama Glory: Asante mwenyekiti. Ila mtu akiumia si tunamkimbiza tu hospitali ya Mount Meru?

Mzee Laizer: Mama Glory wewe umehamia juzi. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lililipuka hapa kanisani siku parokia inazinduliwa, balozi wa Papa yupo. Walifariki 3, majeruhi kama 60. Mwezi uliofuata likalipuka lingine viwanja vya Soweto hapa Arusha kwenye mkutano wa Chadema. Siku ile ya kanisani sisi wenyewe ndio tuliobeba watu. Kwenye pikapu yangu kulikuwa na mama anavuja damu pajani, kijana kakaa naye nyuma kamkandamizia kitenge kwa viganja viwili mpaka tunafika. Mama yule yu hai.

Nesi Rehema: Shikamoo mzee. Kijana huyo ndiye aliyemwokoa. Mshipa mkubwa ukikatika, mtu anaweza kutuishia kwa dakika chache, gari halijafika hata lami. Kwanza damu, ndipo gari.

Baba Junior (boda): Tunaizuiaje dada?

Nesi Rehema: Shindilia kitambaa ndani ya jeraha, kandamiza kwa nguvu zako zote, usifunue kuchungulia. Kama ni mkono au mguu na damu haikomi, funga kitambaa kipana juu kidogo ya jeraha, upande wa moyoni, si kwenye goti wala kiwiko. Pitisha kijiti, sokota mpaka ikome. Atapiga kelele, usimwonee huruma ukalegeza. Mwandikie saa uliyofunga, hata kwenye paji la uso.

Baba Junior (boda): Na chuma kikiwa kimezama mwilini?

Nesi Rehema: Usichomoe kaka! Kizungushie nguo kisitikisike. Na anayelia ana pumzi bado, muwahi aliyenyamaza. Hata asiye na jeraha, akihema kwa shida mleteni, mlipuko unapasua mapafu kwa ndani. Halafu msijazane pale, bomu la pili linaweza kuwa linawangoja waokoaji.

Mama Ombeni: Mungu wangu. Hivi kweli kitambaa tu kinaokoa?

Nesi Rehema: Boston, Marekani, Aprili 15 mwaka ule ule wa 2013, mabomu mawili kwenye mbio za marathoni. Majeruhi zaidi ya 260, wengine miguu imekatika. Watu 3 walifia pale pale. Waliofikishwa hospitali wakiwa hai, hakufa hata mmoja. Wapita njia walifunga kwa mikanda na mashati.

Mama Glory: Nimeelewa dada. Nakuja na binti yangu. Nina mashuka ya zamani, niyakate?

Nesi Rehema: Yakate, upana wa vidole vitatu. Na wenye afya tuchangie damu sasa, jamani. Damu lazima ipimwe kwanza, kwa hiyo siku ya balaa inayookoa ni ile iliyokwisha kuwepo benki ya damu.

Mzee Laizer: Mimi umri umenipita. Naleta wajukuu wawili.

Mwenyekiti wa Mtaa: Wote hifadhini 112 polisi na 114 zimamoto kwenye simu. Nitazikagua Jumamosi mlangoni.