Monstera uani, jua la Mombasa: mwisho saa ngapi?

Nyali_Mimea
Asalaam aleikum wadau. Nina monstera (mmea wa mapambo wenye majani makubwa yenye matundu) yenye urefu wa mita moja hivi, iko barazani, kivulini lakini penye mwanga. Nataka kuitoa uani, kando ya ukuta wa chokaa unaotazama mashariki. Itahimili jua kiasi gani kwa siku? Niitoe sasa kaskazi ikivuma au ningoje?

Kivuli_cha_Mwembe
Waaleikum salaam. Jua la asubuhi mpaka saa tatu linaifaa kabisa. Kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri usiiache kwenye jua tupu. Asili yake ni misitu ya kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati, ambako hutambaa juu ya miti mikubwa na kupata miale iliyochujwa na majani. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Machi mwanzoni na Oktoba mwanzoni jua la adhuhuri linasimama utosini, hata ukuta hauna kivuli cha kukupa.

Usiitoe wakati wa kaskazi. Ngoja Juni, kusi imeshika na mawingu yapo. Jani lililokulia kivulini ni jembamba na halitageuka kuwa gumu. Linalozoea jua ni lile litakalochipua hukohuko nje. Kwa hiyo nenda taratibu. Wiki ya kwanza iwe uani bila jua la moja kwa moja. Ya pili, jua la dakika 30 hadi 60, kabla ya saa mbili asubuhi. Ya tatu, dakika 90. Kuanzia ya nne, mpaka saa tatu asubuhi. Jani likianza kupauka rangi, rudi hatua moja nyuma. Jani linalofunguka ndilo laini kuliko yote, likinge mpaka likaze.

Ule ukuta ndio unaonitia wasiwasi. Chokaa nyeupe hurudisha mwanga hadi chini ya majani, na joto pia. Weka chungu mita moja na nusu mbali nao. Juu tundika neti ya kivuli ya asilimia 60, angalau mita 2 kutoka ardhini ili hewa ipite. Neti ikigusa majani huyaunguza kwa joto. Chungu cheusi cha plastiki kitie ndani ya kingine cha udongo, maana mizizi nayo huungua.

Maji_ya_Kisima
Naongezea hili, kwa sababu Pwani wengi hulaumu jua bure. Jua huacha mabaka meupe au ya rangi ya majani makavu, katikati ya jani, upande ulioelekea juu. Chumvi huanza nchani na pembezoni, rangi ya kahawia, hata kwenye majani yaliyofichika. Kama unamwagilia maji ya kisima yenye chumvi, kila mwezi pitisha maji ya mvua polepole, mara mbili ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini.

Udongo: sehemu 2 za nyuzi za makumbi zilizosuuzwa vizuri (nazo zina chumvi), 1 ya mboji, 1 ya vipande vya mkaa. Usitie kokoto za matumbawe. Zina chokaa, na majani mapya yatakuwa manjano yenye mishipa ya kijani kwa kukosa madini ya chuma.

Nyali_Mimea
Ahsanteni sana. Jani moja lina baka jeupe tayari. Nilikate? Na je, ni kweli matone ya maji juani huchoma majani?

Kivuli_cha_Mwembe
Baka halitapona, lakini sehemu ya kijani bado inalisha mmea. Kata tu ikiwa zaidi ya nusu imekauka. Matone hayachomi jani lisilo na vinyweleo kama hilo. Ila maji ya chumvi yakikauka juu yake huacha chumvi, basi mwagilia udongo.

Ua_la_Likoni
Dada, ukipendelea kivuli cha mti badala ya neti, mwembe ni bora kuliko mkungu (mti wa kungu). Mkungu hupukutisha majani yote kwa muda mfupi, na mmea uliozoea kivuli hujikuta juani ghafla. Na kama monstera yako ni ile yenye madoa meupe ya asili, punguza jua zaidi, sehemu nyeupe huungua kwanza. Hapo ukutani panda krotoni: jua kali ndilo linaloipa rangi.