Waliosoma hesabu chuoni Mbeya, Iringa na nyanda za juu, tupeane uzoefu: ulikwama wapi?

Mti_wa_Parachichi
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka Uyole kumsalimia shangazi, nikamkuta binamu yangu wa mwaka wa kwanza kajifunika blanketi mezani (baridi ya Julai mnaijua), daftari mbele yake. Kaandika "kwa kila epsiloni kubwa kuliko sifuri, kuna delta" mara kumi na mbili, mstari chini ya mstari. Ndiyo ile fasili ya limiti: epsiloni ni umbali unaoruhusiwa wa jibu kutoka kwenye limiti, delta ni umbali wa x unaohakikisha hilo. Nikamwuliza maana yake. Akasema, "Kaka, hiyo inakuja kwenye mtihani, siyo ya kuelewa." Nimeondoka roho inaniuma, maana na mimi niliiandika hivyohivyo miaka kumi na moja iliyopita. Mliopita huko semeni: ulikwama wapi, na nini kilikutoa? Habari za "hesabu ni kipaji" naomba tuziache.

Kamwene_Ipogolo
Umenitonesha kidonda. Mimi nilisoma Iringa. Nilitoka PCM (fizikia, kemia na hesabu) na A ya hesabu, najiona mwamba. Wiki ya tano, semina ya analisisi, msaidizi wa mhadhiri akaniita ubaoni: thibitisha kwamba limiti ya x mraba, x ikielekea 2, ni 4. Nikaandika 2 mara 2 ni 4. Akasema, "Hapo umeweka namba tu. Thibitisha." Nikaandika fasili nzima bila kukosea herufi. Halafu basi. Nimesimama na chaki, darasa zima kimya, wengine wanainamisha macho wasije wakaitwa wao. Akaniambia nibaki palepale mpaka nikumbuke. Nikumbuke nini? Hakuna kitu nilichokuwa nimesahau. Sikuwahi kuonyeshwa delta inatafutwaje. Kwamba unaanzia mwisho: |x²−4| ni |x−2| mara |x+2|. Unaizuia x isitoke mbali na 2 kuzidi 1, kwa hiyo |x+2| haifiki 5, basi delta unachukua iliyo ndogo kati ya 1 na epsiloni gawa kwa 5. Ndiyo hiyo tu! Lakini kazi hiyo mwalimu anaifanya kwenye karatasi ya pembeni huko ofisini kwake, na sisi tunaletewa ubaoni "chukua delta sawa na…" kama vile imeshuka mbinguni. Semista ile nilikula sapu, yaani mtihani wa marudio. Hiyo ya delta nilikuja kuielewa mwaka wa tatu, nikimfundisha mtu mwingine.

Chai_ya_Mufindi
Karatasi ya pembeni. Kweli tupu.

Mdau_wa_Sae
Ushauri wangu mfupi: mitihani ya nyuma ya miaka mitano, fanya yote, utatoboa.

Njombe_Kwa_Baridi
Mitihani ya nyuma ndiyo iliyoniua mimi. Walibadilisha alama ya toa kuwa jumlisha, nikabaki natoa macho.

Gunia_la_Mwanjelwa
Naomba niandike jambo ambalo hata mke wangu amelijua juzijuzi tu. Mimi nilidisko mwaka wa kwanza, yaani niliondolewa chuo kwa kufeli. Kalkulasi na aljebra, zote mbili. Mkopo nilikosa, kwa hiyo ada ilitokana na ng'ombe wawili aliouza baba kule Rungwe. Sikuweza kumwambia. Mwaka uliofuata nikarudi Mbeya mjini kama naingia mwaka wa pili. Nilipanga chumba mtaa wa Soweto. Kila asubuhi natoka na begi la madaftari ili mama mwenye nyumba anione, maana anajuana na mjomba, kisha naenda Mwanjelwa kushusha viazi kwenye malori. Miezi saba. Baba akipiga simu namwambia tuna testi. Mwezi Mei akaja bila taarifa, kabeba ndizi na mchele wa Kyela, akapitia chuoni kuniulizia. Wakamwambia jina hilo halipo. Sijui nani alimwelekeza sokoni. Alinikuta jioni, gunia begani. Hakusema neno. Alinisaidia kulitua, tukakaa juu ya magunia, ndipo akauliza, "Mwanangu, ulishindwa nini hasa?" Nikamjibu sijui, baba. Na kweli sikujua. Mwaka mzima sikumwuliza mtu swali hata moja. Nilikuwa napiga msuli peke yangu usiku kucha, nikiamini wenzangu wote wanaelewa na mimi ndiye mjinga.

Chai_ya_Mufindi
Dah. Pole sana kaka.

Njombe_Kwa_Baridi
Usituache hapo. Ikawaje?

Gunia_la_Mwanjelwa
Niliomba chuo kingine baada ya miaka miwili, nikamaliza. Sasa nafundisha sekondari. Baba yupo, mzima. Lile swali hajaliuliza tena, lakini mimi nawauliza wanafunzi wangu kila wiki.

Dada_wa_Kihesa
Kaka wa Mwanjelwa, pole. Hilo la kusoma peke yako lilitafitiwa. Miaka ya 1970 pale chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, Uri Treisman aliwafuatilia wanafunzi wa kalkulasi, 20 weusi na 20 wenye asili ya China. Wahadhiri walikuwa wanasema weusi wanafeli kwa sababu hawana ari, au hawakuandaliwa vizuri, au wazazi wao hawajali elimu. Alipokaa nao akakuta wanasoma kwa bidii kubwa, ila kila mmoja chumbani kwake. Wenzao wa Kichina walikuwa wanakutana, wanakagua majibu, wanakosoana. Akaanzisha vikundi na kuwapa maswali magumu badala ya kuwarudishia somo. Matokeo yakabadilika kabisa. Nilisoma hayo nikiandika tasnifu yangu, nikalifunga faili kwanza nikalia, maana niliwakumbuka wenzangu wanne wa chumbani waliorudishwa nyumbani.

Mzee_wa_Tazara
Vikundi vinalea wavivu. Nendeni kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje ya madarasa, mkaone, mmoja anakokotoa, watano wananakili. Sisi tulikaa na kitabu na kibatari, tukatoboa. Mhadhiri kazi yake ni kufundisha, hakuajiriwa kubeba watu.

Dada_wa_Kihesa
Shikamoo mzee wangu. Kunakili kupo, sikatai, ndiyo maana Treisman alitafuta maswali ambayo mtu mmoja hayawezi. Lakini mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu vyuoni. Waliofundishwa kwa mhadhara peke yake walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wale walioshirikishwa darasani. Wewe ulitoboa mzee. Je, uliokaa nao?

Mzee_wa_Tazara
Marahaba. Tulianza 60, tukamaliza 23. Wale wengine sikuwahi kuwaulizia.

Ulanzi_wa_Kalenga
Mimi nilikwama kwenye 0.999…, ile yenye tisa zisizoisha. Mwalimu alisema ni sawa na 1. Sikubali mpaka leo. Inaikaribia tu.

Loleza_Juu
Theluthi ni 0.333… Zidisha kwa 3.

Ulanzi_wa_Kalenga
Basi na hiyo 0.333… haifiki theluthi.

Loleza_Juu
Haya, tofauti ya 0.999… na 1 ni ngapi? Itaje.

Ulanzi_wa_Kalenga
Ndogo sana.

Loleza_Juu
Taja namba. Yoyote utakayotaja, nakuonyesha ni tisa ngapi zinatosha ili tofauti iwe ndogo kuliko hiyo yako.

Mti_wa_Parachichi
Loleza, ngoja! Hiyo ndiyo epsiloni yenyewe. Yeye anataja, wewe unajibu. Kwa nini hatukufundishwa hivi?

Dada_wa_Kihesa
Ulanzi, usione aibu. Mwaka 1978 David Tall na Rolph Schwarzenberger waliandika jinsi walivyowauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa hesabu huko Uingereza swali hilohilo. Wengi walijibu kama wewe. "Kuelekea" kwa lugha ya kawaida ni kwenda bila kufika, na neno hilo tunaingia nalo darasani.

Chai_ya_Mufindi
Lugha! Mimi "kwa kila" na "kuna" vilinichanganya mpaka rafiki yangu aliponiambia kwa Kiswahili: "kila kufuli lina ufunguo wake" siyo sawa na "kuna ufunguo mmoja wa makufuli yote". Ukigeuza mpangilio, maana imebadilika.

Mdau_wa_Sae
Lakini mtihani unakuja kwa Kiingereza. Msiwadanganye vijana.

Chai_ya_Mufindi
Mtihani nilijibu kwa Kiingereza. Kuelewa nilielewa kwa Kiswahili, kwenye kimbweta.

Kamwene_Ipogolo
Makufuli. Ningeambiwa hilo siku ile ubaoni…

Mti_wa_Parachichi
Nimempigia binamu. Nimemwambia aache kuandika, ataje epsiloni yoyote. Akanyamaza, kisha akasema 0.1. Tumechukua ile x mraba ya Kamwene, tukaanzia mwisho, tukapata delta 0.02. Ameniuliza kama anaruhusiwa kutaja nyingine.