Uliyesomea uanahabari Nairobi, umewahi kuzimiwa stori? Tupeane uzoefu

Nianze mimi. Nikiwa mwaka wa pili tuliandika katika jarida la chuo kuhusu hosteli zilizokaa bila maji ilhali ada imelipwa yote. Wasimamizi tuliwahoji, na maelezo yao yalikuwamo. Usiku wa kuamkia uchapishaji tukaamriwa tuweke picha za mahafali mahali pake. Hilo lilinikera, lakini lililofuata liliniuma zaidi: toleo la pili hakuna aliyethubutu kupendekeza stori ya hosteli. Leo niko redioni, na vijana wanaokuja mazoezini huuliza "itamuudhi nani?" kabla ya kuuliza "ni kweli?" Wewe yalikukuta yapi?

*Mchangiaji wa 2:* Pole sana. Sisi tulipofungiwa mlango tulishika Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Chuo cha umma kinabanwa nayo: uamuzi utolewe ndani ya siku 21, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Tuliuliza ada ya maktaba inatumikaje. Jibu lilikuja pungufu, ila lilikuwa na hesabu zilizotiwa sahihi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema tumezua.

*Mchangiaji wa 3:* Juni 2024, vijana walipojaa barabarani katikati ya jiji kupinga Mswada wa Fedha, darasa letu lilikuwa na zoezi la kuripoti tukio. Tukaambiwa tuchague mada "salama". Nikaandika kuhusu maonyesho ya vitabu, vitoza machozi vikilipuka mtaa wa pili. Bado nina hasira.

*Mchangiaji wa 4:* Mimi ni mhadhiri. Una haki ya kukasirika, mwanangu. Lakini someni Kifungu cha 33 cha Katiba chote: kinalinda uhuru wa kujieleza, na papo hapo kinakataa uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kumharibia mtu jina kuwa jinai. Kesi ya madai ingali ipo, na fidia huumiza. Ndiyo maana nawasisitizia wangu wahoji upande wa pili na watunze rekodi za mahojiano. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kuandika stori nzito atajifunzia wapi haya?

*Mwanzilishi:* Asante, Mwalimu. Mchangiaji wa 2, tuwekee hapa nakala ya ile barua yenu ya kuomba habari, majina yafutwe. Kuna wawili mazoezini kwetu wanaoihitaji wiki hii.