Tumelipia ziara ya historia Cheltenham, La Mott tukaikosa kwa makusudi

Wakuu, salaam. Nina hasira tangu Jumamosi na sitaificha.

Baba yangu mdogo ni mwalimu wa historia, amestaafu juzi tu kule Morogoro. Amekuja kututembelea hapa Philadelphia, na kabla hata viza haijatoka aliniambia kuna sehemu moja anataka kuiona: Camp William Penn, kambi ya zamani ya askari weusi iliyokuwa pale panapoitwa sasa La Mott. Niliposikia Watanzania wenzetu wanaandaa ziara ya basi kwenda Cheltenham, mji uliopakana nasi kaskazini, nikalipia viti viwili siku hiyohiyo.

Basi likasimama nje ya geti la jumba la Lynnewood Hall dakika 40. Tukaelezwa vyumba 110, tukaelezwa utajiri wa Peter Widener aliyelijenga, na mwanawe na mjukuu wake waliokufa kwenye Titanic mwaka 1912. Sawa, jumba ni kubwa, watu wakapiga picha za geti. Mzee akanyoosha mkono kwa adabu akauliza La Mott tunafika saa ngapi. Akajibiwa mbele ya watu wote: "Mzee, pale hakuna cha kuona, ni bango tu na nyumba za watu."

La Mott iko Cheltenham hiyohiyo, dakika chache kwa gari!

Pale ndipo kuanzia 1863 hadi 1865 walifundishwa kazi ya jeshi karibu wanaume weusi 11,000, vikosi 11, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Wengine walikuwa wametoroka utumwa. Hakuna kambi ya serikali kuu iliyofundisha askari weusi wengi kuishinda. Kikosi cha 8 kilitoka pale kikapelekwa Florida, na Februari 1864 huko Olustee kikapoteza watu zaidi ya 300, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, siku moja. Na walikuwa wanalipwa dola 10 kwa mwezi, 3 zinakatwa za nguo, huku mzungu anapewa 13. Sheria ya kuwasawazisha ilikuja Juni 1864, wenzao wakiwa tayari kaburini.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Wake na mama zao walipotaka kwenda kuwaona kambini, tramu za Philadelphia ziliwakataa kwa rangi yao. Mtu ana mwanawe anayekwenda kufa vitani, anashushwa njiani. Ilipiganiwa miaka, hadi sheria ya 1867 ikakataza. Sasa sisi, Waafrika, tuna basi letu, tumelilipia wenyewe, halafu tunakataa kufika!

Na hizo "nyumba za watu" ndiyo historia yenyewe. Vita vilipoisha ardhi ya kambi ilikatwa viwanja, familia za weusi zikanunua na kujenga. Jina La Mott limetokana na Lucretia Mott, mwanamke muumini wa dhehebu la Kikristo la Quaker aliyepinga utumwa maisha yake yote. Alikuwa jirani wa kambi na aliwahubiria askari hao. Ardhi yenyewe ilikuwa ya mkwewe.

Jumapili nilimpeleka mzee mwenyewe. Bango ni la bluu, maandishi ya dhahabu, limesimama kwenye nguzo kando ya barabara. Alivua kofia, akasoma neno kwa neno akifuatisha kwa kidole hewani kama anavyowafundisha watoto, akamaliza, akaanza tena. Hakuongea mpaka tumerudi garini. Kisha akasema, "Mwanangu, nimefundisha Maji Maji miaka 30. Hawa nao ni wetu."

Mwandaaji najua unasoma humu. Sidai hela. Ziara ijayo umeshatangaza, na nimeona ratiba: Lynnewood Hall tena, chakula, kurudi. Andika hapa chini, leo, kwamba La Mott imeingia na watu watashuka kwenye basi. Kama haimo, niambie nikodi gari lingine, kwa sababu wazee wawili wameshanipigia simu wanataka kwenda.