Ushauri: Famasi yangu Moshi, ninunue mfumo na mashine ya kuhesabia vidonge au nibaki na daftari?

Binti_Kibosho:
Wakuu habari za jioni. Nina famasi ndogo hapa Moshi, upande wa Majengo. Nimerithi kwa mama, na mpaka leo tunatumia daftari lake: iliyoingia kushoto, iliyotoka kulia. Mwezi uliopita nikifanya usafi nimekuta maboksi yaliyoisha muda nyuma ya shelfu. Kupiga hesabu, kama 700,000 imelala pale. Nililia kidogo, nisiwafiche.

Sasa kuna kijana kaja na mfumo wa kompyuta, skana na mashine ya kuhesabia vidonge, vyote 4,200,000. Anasema Ulaya dawa zinatolewa na maroboti, mimi nachelewa. Dada anayenisaidia ni fundi dawa sanifu, yupo tangu enzi za mama, na ameshaniuliza kama kazi bado ipo. Nilijifanya sijasikia. Wenye uzoefu naombeni ushauri, matusi kaeni nayo.

mangi_mstaafu:
4.2m? Huyo kijana ana nyumba haijapauliwa. Ngoja wajuzi waje.

Mfamasia_Njiro:
Pole dada. Niko Arusha, kazi yangu ndiyo hii. Huyo amekuchanganyia vitu viwili kwenye bei moja. Mfumo wa stoku ungekuwa nao, hiyo laki saba isingelala. Mashine ya kuhesabia ni ya nini? Kwa siku unafungua kopo la vidonge 1000 mara ngapi? Dawa nyingi sasa zinakuja kwenye stripu, na stripu unakata kwa mkasi. Halafu ukihesabia penisilini bila kuisafisha hiyo mashine, vumbi linahamia kwenye dawa ya mtu mwingine, na wapo ambao penisilini inawadhuru vibaya. Trei ya kuhesabia kwa mkono nayo ni hivyo hivyo, ila trei unaifuta mara moja umemaliza.

Mfumo usiojua kugawa boksi kwa stripu, na stripu kwa kidonge, usiuchukue. Mingine ni ya supamaketi: unauza stripu moja, yenyewe inatoa boksi zima. Kila mzigo uingie na namba ya bechi na tarehe ya kuisha. Inayokaribia kuisha ndiyo inatoka kwanza, hata kama imeingia jana.

Hizo zilizoisha muda usitupe jalalani. Zitenge, ziorodheshe, toa taarifa TMDA, wale wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kuteketeza dawa kuna utaratibu wake.

Mzee_wa_Pasua:
Mimi nilianza kwa pupa, nikanakili daftari kwenye kompyuta bila kuhesabu shelfu. Mfumo unasema zipo 40, shelfu jeupe. Funga Jumapili mbili, hesabu kwa mkono. Na UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, usisahau, umeme wetu mnaujua.

Machame_Ughaibuni:
Nipo Ujerumani, famasi ninayofanya kazi ina roboti. Ni kabati kubwa lenye mkono ndani. Ukibonyeza, mkono unachomoa boksi, linateremka mpaka kaunta. Halihesabu kidonge hata kimoja, maana huku mgonjwa anapewa boksi la kiwandani kama lilivyo. Wamarekani ndio wanaomhesabia kila mgonjwa vidonge kwenye kichupa, ndiyo maana mashine zao ni za kuhesabu. Dada, wewe shida yako ni tarehe.

Dakta_bila_koti:
Kuhusu fundi dawa wako, sikiliza hii. Mwaka 2013, hospitali ya watoto ya chuo kikuu cha UCSF, San Francisco, Marekani. Daktari alitaka mgonjwa apewe septrini kidonge kimoja, miligramu 160. Kompyuta ikazichukua kama miligramu kwa kila kilo ya mwili, na kijana alikuwa na kilo 38 na ushee. Oda ikawa vidonge 38 na nusu. Skrini ilitoa tahadhari. Daktari akazipita, mfamasia akazipita, maana zinatokea kutwa nzima mpaka mtu anazizoea. Roboti likafungasha kama lilivyoagizwa. Nesi alishangaa, akaskani, skana ikamwambia sawa. Kijana wa miaka 16 akameza vyote, akapata degedege. Alipona, Mungu ni mwema.

Skana itakuzuia kuchukua propranolo ukidhani ni prednisoloni. Haitamuuliza mteja kama ana mimba.

mangi_mstaafu:
38?! Mimi vinne vya mseto tu naomba mkeka nilale.

Binti_Kibosho:
Asanteni sana wakuu. Mashine ya kuhesabia nimeikataa. Mfumo na skana kashuka mpaka 1,900,000, na nimempa mtihani wa boksi na stripu mbele yangu, kaufaulu mara ya pili. Dada nimemwambia yeye ndiye ataingiza tarehe, maana ndiye anayejua mama alikuwa anaficha wapi mizigo ya zamani. Kacheka.

Swali moja tu limebaki: nikikata stripu, kipande chenye tarehe kikaondoka na mteja, kilichobaki nakijuaje?

Mfamasia_Njiro:
Anza kukata upande usio na tarehe, chenye tarehe kiuzwe mwisho. Na vipande virudishe kwenye boksi lake, usivimwage kwenye kopo.